Fimbo haiji, dole gumba linauma: kwa mchezaji aliyekwama levo ya 9

*"Shikamoo mwalimu. Nina mashine ya zamani ya Nintendo na katriji ya Tetris ya 1989, toleo la Marekani, nimeiunganisha na TV bapa ya sebuleni. Naanza levo 0, nafika levo 8 au 9, na hapo hapo nafia. Alama hazivuki 60,000. Najitahidi rundo langu liwe bapa kama sakafu, na safu ya mwisho kulia naiacha wazi kwa ajili ya fimbo, kile kipande kirefu cha miraba minne iliyonyooka, lakini fimbo haiji. Juzi nilihesabu vipande 26 bila fimbo hata moja. Naamini gemu inajua ninachotaka na inaninyima. Rafiki yangu anasema mabingwa ni vijana wenye vidole vyepesi, na mimi wa miaka 41 nimeshachelewa. Nacheza kwa muda wa saa tatu kila usiku. Nikifumba macho naona vipande vinashuka. Na kwa wiki mbili sasa shina la dole gumba la kushoto linauma hata nikifungua mlango. Nifanyeje?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja, na sitayajibu kwa mpangilio ulioyaandika, maana lile uliloliweka mwisho ndilo lisiloweza kusubiri.

Weka padi ya gemu chini. Maumivu yanayokufuata hadi kwenye kitasa cha mlango yameshatoka kwenye gemu na kuingia kwenye maisha yako. Kano zinazovuta dole gumba hupita ndani ya ala nyembamba karibu na kifundo cha mkono. Zikisuguliwa kwa mwendo uleule maelfu ya mara, usiku baada ya usiku, ala hiyo huweza kuvimba, njia ikawa finyu, na kila mwendo mpya ukaongeza msuguano. Huenda ni hilo, huenda ni jingine; mimi nafundisha gemu, si tabibu, na mkono haupimwi kwa maandishi. Kama ungekuwa na uchovu wa siku moja ningekuambia pumzika uone. Lakini wiki mbili, na unaumia ukifungua mlango? Nenda ukaonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, umwonyeshe hasa ni mwendo gani unaouma. Na usichelewe hata siku moja ukiona ganzi au kuchomachoma kwenye vidole, uvimbe, maumivu yanayokuamsha usiku, au ukianza kuangusha vikombe kwa sababu mkono hauna nguvu ya kushika.

Nakusihi hivi kwa sababu nimewaona wachezaji wazuri wakicheza juu ya maumivu kwa miezi, kila mmoja akisema atapumzika akishavunja rekodi yake. Rekodi inangoja. Kano zikishakasirika huchukua muda wake, na huwezi kuzibembeleza.

Jambo la pili kuhusu huo mkono: nina hakika, bila kukuona, kwamba unabonyeza kwa nguvu. Karibu kila anayefia levo ya 9 hufanya hivyo. Hofu ikipanda, dole gumba linakandamiza kitufe kana kwamba kipande kitasikia. Hakisikii. Kitufe kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, na nguvu yote inayozidi hapo inaishia kwenye kiungo chako. Ukirudi kucheza, anza kwa dakika 20 kisha simama, na ujaribu kushika padi kama unavyoshika yai.

Sasa fimbo.

Gemu haikunyimi. Naelewa kwa nini inaonekana hivyo, na mimi mwenyewe nililaumu katriji kwa muda mrefu kabla sijakaa chini na kufanya hesabu. Kila kipande kipya kinapotakiwa, mashine inachagua namba moja kati ya nane. Saba ni vipande vyenyewe: fimbo, mraba, T, S, Z, L na J. Namba ya nane haina kipande. Ikitokea hiyo ya nane, au ikitokea kipande kilekile kilichotangulia, mashine inachagua tena mara moja tu, safari hii kati ya saba, na kinachotoka ndicho kinachokuja. Basi. Haiangalii rundo lako, haijui kisima chako, yaani ile safu uliyoiacha wazi, kina kina gani, haikumbuki fimbo ya mwisho ilikuja lini. Inakumbuka kipande kimoja tu, kilichotangulia.

Kwa utaratibu huo, ukiwa hujapewa fimbo kwenye kipande kilichopita, nafasi ya kuipata sasa ni 9 katika 56, yaani kama asilimia 16. Ukiwa umetoka kuipata, nafasi ya kuipata tena papo hapo inashuka hadi 1 katika 28. Hapo ndipo hisia zetu zinapodanganyika. Tunaona "moja katika saba" tukadhani fimbo itakuja kila baada ya vipande sita saba, kama basi lenye ratiba. Hakuna ratiba. Nimepiga hesabu ya ukame wako: baada ya fimbo moja, uwezekano wa kukaa vipande 26 bila nyingine ni kama 1 katika 83. Ni mdogo, ndiyo. Lakini kufuta mistari 100 kunahitaji vipande 250, na ndani yake kuna fimbo kama 35. Kila moja ya hizo inafungua mlango wa ukame mpya. Kwa hiyo ukame wa vipande 26 utakutana nao mara moja katika kila michezo michache mirefu, na huo wa juzi haukuwa na jina lako.

Matoleo mengi ya kisasa yamelainisha jambo hili. Yanatia vipande vyote saba kwenye mfuko, yanauchanganya, yanavitoa kimoja kimoja hadi viishe, kisha mfuko mpya. Humo huwezi kukaa zaidi ya vipande 12 bila fimbo. Kama kinachokufurahisha ni kupanga na si kuvumilia, hilo ni chaguo halali na sitakucheka ukihamia huko. Lakini ukibaki kwenye katriji ya 1989, ukame ni sehemu ya hali ya hewa. Mkulima hapandi kwa kutegemea kwamba mvua itanyesha Jumanne.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe zaidi, kwa sababu ndani ya swali lako kuna sentensi moja iliyonieleza mengi kuliko zote: *rundo langu liwe bapa kama sakafu*.

Rundo bapa kabisa ni mtego. Liangalie S. Ukiilaza, inataka safu mbili zilizo sawa na ya tatu upande wa kulia iliyo juu kwa kimo kimoja. Ukiisimamisha, inataka safu mbili jirani, ya kushoto ikiwa juu kwa kimo kimoja. Z ni hivyo hivyo, kama kwenye kioo. Kwenye sakafu bapa, S haina pa kukaa bila kuacha shimo chini yake, na Z haina pia. Hivyo viwili ni kama sehemu mbili katika saba za vipande vyote. Kila unapofurahia kwamba umepata sakafu safi, umejenga nyumba isiyo na mlango kwa wageni wawili kati ya saba.

Unachotaka ni uso wenye vitu vitatu kwa wakati mmoja: mahali fulani safu mbili jirani zilizo sawa, mahali fulani ngazi ya kupanda kimo kimoja, na mahali fulani ngazi ya kushuka kimo kimoja. Pitia vipande vyote uone. Mraba unakaa kwenye safu mbili zilizo sawa. L na J zikisimama kwa mguu zinatosha kwenye safu hizo hizo mbili. S inasimama kwenye ngazi inayoshuka kwenda kulia, Z kwenye inayopanda. T inasimama kwenye ngazi yoyote ya kimo kimoja. Fimbo ina kisima chake. Hakuna anayekosa kiti. Kanuni hii ndogo imeniokolea michezo mingi kuliko ujanja wowote wa vidole, na ndiyo ninayotaka uibebe hata kama utasahau mengine yote.

Hebu tuitazame kwa karibu. Chukua rundo lenye vimo hivi kutoka kushoto, safu ya kwanza hadi ya tisa: 5, 5, 4, 4, 4, 3, 3, 4, 4. Safu ya kumi ni kisima, iko tupu. Mtu anayependa sakafu angeangalia lile bonde la 3, 3 na kusema hapa pana kasoro, naomba mraba upazibe. Lakini sasa inakuja S. Ilaze juu ya safu ya sita, ya saba na ya nane, zenye 3, 3, 4. Inaingia kama ufunguo. Uso mpya ni 5, 5, 4, 4, 4, 4, 5, 5, 4. Hakuna shimo, bado kuna ngazi za kushuka, kuna ya kupanda, kuna bapa. Na zile safu mbili zilizokuwa na 3 zimepanda, kwa hiyo safu zote tisa sasa zina angalau vimo vinne: kisima kimekamilika, fimbo ikija inafuta mistari minne kwa mpigo. Ingekuja Z badala ya S? Ilaze juu ya 4, 3, 3, safu ya tano hadi ya saba, upate 5, 5, 4, 4, 5, 5, 4, 4, 4. Safi vilevile. Bonde uliloliona kasoro lilikuwa mlango wa wote wawili.

Kinachodhuru ni mfereji wa safu moja wenye kina cha vimo vitatu na zaidi nje ya kisima. Huo huzibwa na fimbo tu, na ukiwa na miwili ya namna hiyo pamoja na kisima, unaomba fimbo tatu kutoka kwa mashine isiyosikia maombi. Nadhani huko ndiko ukame wako wa 26 ulikokuumizia. Fimbo zilikosekana, sawa, lakini pia rundo lilikuwa linazidai kutoka pande nyingi mno.

Ukame ukizidi, choma mistari. Naona wachezaji wengi wa kiwango chako wanaona kufuta mstari mmoja au miwili kuwa ni aibu, kwa sababu ya alama. Alama zenyewe ni kweli zinashawishi: levo ya 9, mistari minne kwa mpigo inalipa 12,000, na mistari minne ukiifuta mmoja mmoja unapata 1,600 tu. Lakini mchezo uliokufa hulipa sifuri kwa kila kinachofuata. Mimi naanza kuchoma rundo likikaribia nusu ya kimo, yaani vimo kumi kati ya ishirini, na levo ya 9 kwa mchezaji wa kiwango chako ningesema usipite hapo.

Kuna namna nzuri ya kuchoma. Iache safu ya tisa iwe chini ya jirani zake kwa kimo kimoja. Tuseme safu nane za kwanza zina 5 au zaidi, ya tisa ina 4, ya kumi ni tupu. Inakuja L: igeuze mwili usimame kulia na ndoano ielekee kushoto juu. Ndoano inakaa kichwani pa safu ya tisa, mwili unaning'inia ndani ya kisima. Mistari mitatu inafutika kwa mara moja na kisima kinabaki wazi, kifupi zaidi. Ukifanya hivyo safu ya tisa ikiwa haina lile pengo, kichwa cha L kinabaki kama kofia juu ya kisima na itabidi uujaze mstari ule kabla ya kisima kufunguka tena. Hata hiyo wakati mwingine inafaa. Ni deni, ila ni deni unalolijua.

Twende kwenye ukuta wenyewe. Watu wengi watakuambia gemu inaongeza kasi polepole na wewe ndiye unayechoka. Si kweli, na ningependa uache kujilaumu kwa hilo. Mashine hiyo huchora fremu, yaani picha, 60 hivi kwa sekunde, na kila levo ina idadi ya fremu ambazo kipande kinasubiri kabla ya kushuka kimo kimoja. Levo 0 ni fremu 48, kwa hiyo kushuka vimo vyote 20 kunachukua sekunde 16. Kuanzia hapo zinapungua tano tano hadi levo 7, ambayo ni 13: sekunde nne na kidogo. Halafu levo 8 inaruka hadi 8, na levo 9 hadi 6. Levo hupanda kila mistari 10, kwa hiyo ndani ya mistari 20 tu, muda wako umetoka sekunde nne na kidogo hadi sekunde mbili. Huo ukuta upo. Hukuuota.

Lakini tazama kinachofuata. Levo 10, 11 na 12 ni fremu 5. Levo 13 hadi 15 ni 4. Levo 16 hadi 18 ni 3. Baada ya mruko ule wa 8 na 9, gemu inatulia. Mchezaji anayeweza kuishi levo ya 9 ataishi levo ya 12 karibu bila kutambua tofauti. Uko mlangoni, na nakuambia hivyo kwa namba, si kwa kukufariji.

Kwa nini basi kimo cha rundo kinaua hapo hasa? Shika kitufe cha kushoto na uhesabu. Kipande kinasogea hatua moja papo hapo, kisha kinangoja fremu 16, kisha kinasogea kila baada ya fremu 6. Hatua tano kwenda kushoto zinachukua fremu 34. Kwenye levo 9, katika muda huo kipande kimeshashuka vimo vitano na zaidi. Rundo lako likiwa na vimo 15, kipande kinagonga kabla hakijafika ukingoni. Wewe unaona umechelewa kwa vidole. Ukweli ni kwamba nafasi haikuwepo. Rundo la vimo sita lingekupa muda maradufu na zaidi bila kidole kubadilika.

Ile subira ya fremu 16 inaweza kuepukwa. Kama umekishikilia kitufe hadi kipande kimeanza kuteleza, au kimebanwa ukutani, na hukukiachia kilipotua, kipande kipya kinaanza kuteleza upande uleule bila kungoja tena. Jizoeze kushikilia badala ya kubonyezabonyeza: ni kwa faida ya kasi, na kwa hali ya dole gumba lako ni kwa faida ya mwili pia. Hii pia inaeleza kwa nini kisima chako kiko vizuri hapo kulia. Katika toleo hili fimbo ikisimamishwa inaangukia safu ya sita, kwa hiyo kufika ya kumi ni hatua nne, kufika ya kwanza ni tano. Hatua moja si kitu levo 0. Levo 18 ni kitu.

Rafiki yako ana ukweli nusu. Levo ya 29 kipande kinashuka kimo kizima kila fremu, na kushikilia kitufe hakutoshi kukifikisha ukingoni. Kwa miaka mingi watu waliihesabu kuwa ndiyo mwisho wa gemu. Vijana ndio walioivuka kwa mbali. Mwaka 2018 Joseph Saelee, akiwa na miaka 16, alishinda ubingwa wa dunia kwa kubonyeza haraka kuliko mashine inavyorudia yenyewe. Baadaye ikaja mbinu ya kupiga mgongo wa padi kwa vidole vya mkono wa pili, huku dole gumba likiwa limetulia juu ya kitufe. Kwa mbinu hiyo, Desemba 2023 Willis Gibson wa miaka 13 aliifikisha gemu levo ya 157, ikaganda. Nayasimulia kwa heshima kubwa, ni kazi ya ajabu. Ila hayakuhusu wewe bado. Aliyeshindwa fainali ile ya 2018, marehemu Jonas Neubauer, alikuwa ametwaa ubingwa huo mara saba, wa mwisho akiwa na miaka zaidi ya 35, na alikuwa mtu wa kushikilia kitufe. Kati ya levo 9 na levo 18 hakuna mahali panapodai vidole vya mtoto. Panadai uamuzi uliofika mapema.

Uamuzi unafika mapema macho yakiwa mahali sahihi. Kile kisanduku cha pembeni kinachoonyesha kipande kijacho, unakitazama lini? Wengi hukitazama kipande cha sasa kikishatua. Kwa levo ya 9 hapo umeshatumia robo ya muda wako kujiuliza. Unatakiwa ukitazame wakati cha sasa bado kinashuka, mara tu ulipojua kinakwenda wapi. Yaani mkono unamalizia kazi ya jana, jicho limeshaanza kazi ya leo. Ni tabia ngumu kuijenga ukikimbizwa, kwa hiyo ijenge levo 5. Ukiichagua levo 5 mwanzoni, gemu itakuacha humo hadi mistari 60. Ukishazoea, chagua levo 9 moja kwa moja: utapewa mistari 100 ya kasi ileile kabla haijapanda. Hilo ni bora mara nyingi kuliko unavyofanya sasa, kupoteza mistari 90 ya mwendo wa pole na kufika ukutani macho yamechoka na rundo limeharibika. Utakufa haraka siku za mwanzo. Ni sawa. Unakufa mahali unapotaka kujifunza.

Kuhusu TV, neno moja. Televisheni za zamani za kioo kinene huchora ishara papo hapo inapofika. TV bapa hupokea picha, huichakata, kisha ndipo huionyesha, na kucheleweshwa kwa fremu tatu au zaidi si ajabu. Tafuta kwenye mipangilio hali ya michezo uiwashe. Inazima sehemu kubwa ya uchakataji huo. Ukipata TV ya zamani inayofanya kazi, bora zaidi. Hii haitakuvusha ukuta peke yake, lakini ukihisi kipande kinateleza hatua moja zaidi ya ulivyokusudia, huenda hukukosea.

Na vipande unavyoviona ukifumba macho visikutishe. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake walichapisha utafiti wa watu walioicheza gemu hii kwa saa kadhaa. Wengi wao waliona vipande vikianguka walipokuwa wakisinzia. Miongoni mwao walikuwepo watu waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Hao hawakukumbuka hata kwamba wamecheza, na bado baadhi yao waliviona vipande. Ubongo unarudia kazi uliyopewa mchana. Ila kama usingizi wenyewe unakatika, au unajikuta umeshindwa kuzima mashine usiku uliokusudia kulala mapema, punguza saa. Ikishindikana kupunguza, mwambie mtu wa karibu unayemwamini, na ikibidi mwone mshauri. Saa tatu kila usiku ni nyingi hata kwa anayejiandaa na mashindano.

Mkono ukipona na daktari akikuruhusu, kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ninaoupendekeza kuliko video zozote. Mtafute mtu mmoja anayeijua gemu hii akae ubavuni mwako kwa michezo mitano. Asitazame skrini. Atazame macho yako, akuambie ni lini yanahamia kwenye kile kisanduku cha kipande kijacho, na atazame dole gumba lako kucha inapogeuka nyeupe. Mwombe aseme "legeza" kila akiona weupe huo, hata kama ni mara hamsini kwa usiku mmoja.